Bhoke, Kuhusu Kurudi

Nkende, jioni, mbuzi wameshafungwa

Bhoke mwanangu,

Cheka kwanza, halafu uendelee kusoma. Najua neno hilo litakuchekesha. Mimi nina miaka kumi na saba, wewe kumi na minne, na rafiki zako walipokusikia unaniita Tata waliuliza ni baba gani huyu ambaye hata ndevu hazijamsalimia. Ukawajibu, "Huyu ni baba wa akiba. Anatumika yule mwingine akikosekana." Nilikuwa nyuma ya ukuta wa darasa, nikasikia. Nilicheka mpaka nikakaa chini, kisha nikaacha kucheka.

Lakini kwa mila zetu huna pa kukimbilia. Baba yako mzazi alikuwa kaka yangu. Alifariki ukiwa hujaanza shule, na mimi nikiwa bado mtoto wa kutumwa chumvi. Wazee wakanishika bega, wakakuonyesha, wakasema, "Huyu ni mwanao." Nikaitikia kama mtu anayeambiwa hii ni kalamu yako. Sikujua nimeitikia nini. Mpaka leo naendelea kujifunza.

Habari za sabuni, za kufunga sanduku, za kutokula ovyo njiani, sitaziandika. Bibi yako amezisema tangu mchana na bado anazisema, namsikia hapo nyuma ya ukuta. Mimi naandika kwa sababu ya swali lako la leo alasiri.

Acha nilieleze lilivyotokea upande wangu, maana pale ulipokuwa umesimama labda lilionekana vingine. Mjomba wako alikuwa kwenye kiti cha wageni. Ametoka Robanda kuja kukuchukua, kwa kuwa mama yako sasa amepata chumba cha kueleweka na kazi ya kupika kwenye kambi ya watalii, na anataka umalizie sekondari ukiwa kwake. Babu yako, yaani baba yangu, alikuwa amekubali, ila kwa uso wa mtu aliyekubali kung'olewa jino. Akasema:

"Ng'ombe tulitoa, mtoto ni wa hapa. Sasa anakwenda kwa mama yake. Sawa. Lakini mji huu si choo cha stendi, kwamba mtu anaingia na kutoka akibanwa. Akivuka, amevuka."

"We mzee," bibi akasema, "maneno gani hayo mbele ya mgeni?"

Wewe ulikuwa mlangoni na beseni la vyombo. Ukauliza, kwa sauti ambayo mimi sijawahi kuwa nayo, "Nikifika nikashindwa kukaa, naruhusiwa kurudi?"

Mjomba wako akajibu kwa adabu, "Hilo ni la baba wa mtoto kulijibu."

Wakanigeukia wote. Mimi nikatazama kamba ya mbuzi iliyokuwa chini. Ilikuwa na fundo. Nikalichunguza fundo lile kama kitu kitakachotoka kwenye mtihani. Nikasikia babu yako akisema, "Amenyamaza. Basi." Na wewe unajua, kwetu baba akinyamaza mbele ya wajomba, amekubali kilichosemwa. Ukaingia ndani na beseni lako bila kunitazama.

Jibu nilikuwa nalo, Bhoke. Lilikuwa limefika kwenye meno. Nimekaa hapa tangu jua lizame nikijaribu kulitoa kwa kalamu, na naona siwezi kulitoa kwa njia fupi. Litapitia kwenye kitu ulichonisaidia mwenyewe, ule ukurasa wa mtandaoni wa vitenge vya Mama Rukia.

Shule ya msingi nilisoma kwa Kiswahili. Sekondari wakanigeuzia Kiingereza. Nyumbani tunaongea Kikurya. Mtu mwingine angekuwa msemaji wa lugha tatu, mimi nikawa bubu wa lugha tatu. Ndiyo maana nilipoanza kujifunza JavaScript, lugha ya kuziamrisha kurasa za mtandaoni, kwenye kompyuta ya steshenari, niliipenda. Ukikosea inakuonyesha mstari mwekundu, basi. Haikucheki, haiwaambii wengine, haikuulizi kwa nini hukusema mapema.

Mama Rukia akasikia kuna kijana anajua mambo hayo. Anauza vitenge Nyamisangura na kushona sare, asili yake Tanga, na anaongea haraka kuliko cherehani yake. Akaniambia, "Mwanangu, wateja wangu wako mbali. Niwekee vitenge kwenye simu wavione huko huko waliko." Nikamtengenezea ukurasa mmoja wenye picha zote. Ukibofya kitenge, vingine vinajificha, kile kinajaa kioo kizima. Niliona nimemaliza dunia.

Wiki ile ile malalamiko yakaanza. Mteja anabofya kitenge cha kijani, anakitazama, anataka kurudi kwenye vingine, anabonyeza kitufe cha kurudi cha simu, anatupwa nje kabisa, mpaka kwenye meseji alikotoka. Nikashangaa. Kumbe kivinjari, ile programu ya simu inayofungua kurasa, hakijui kuwa umetembea. Kwangu mimi mtu alikuwa ametoka sebuleni akaingia chumbani, lakini kwa kivinjari alikuwa bado amesimama mlangoni, kwa sababu ukurasa ni ule ule mmoja. Kinaweka orodha ya kurasa ulizopita, na hicho chumba hakimo.

Hapo ndipo nilipokutana na amri inayoitwa pushState. Ni kama kukigusa kivinjari bega na kukiambia: andika na hii, mtu amepiga hatua hapa, hata kama hujaiona. Kinaandika. Anwani ya juu inabadilika, na orodha inaongezeka. Sijui kama unaelewa furaha yake. Hatua ambayo haikuwepo, sasa ipo, kwa sababu kuna mtu aliyesema ipo.

Nikakupa simu ujaribu, unakumbuka? Ulikuwa unamenya viazi. Ukafuta mikono kwenye sketi, ukabofya kitenge cha tausi, ukarudi. Ukakunja uso.

"Tata, imerudi jina tu."

"Jina gani?"

"Haya maandishi ya juu yamerudi. Tausi bado yupo."

"Bonyeza tena."

"Nimebonyeza. Tausi ananitazama. Sasa nimerudi au sijarudi?"

Nikaichukua simu. Nilisoma siku nyingi mpaka nikapata. Ni hivi: mtu akibonyeza kurudi kwenye hatua ulizoongeza wewe, kivinjari kinarudisha anwani peke yake. Halafu kinapiga kengele. Wenyewe wanaiita popstate. Kengele ile inasema huyu mtu amerudi, na kazi ya kumpokea, kumwondoa tausi na kumwonyesha tena vitenge vyake vyote kama alivyoviacha, si ya kivinjari. Ni ya aliyetengeneza ukurasa. Kama hakuandika popote kwamba kengele ikilia ukurasa ufanye hivi na hivi, basi inalia kwenye nyumba tupu. Mtu amerudi na hakuna aliyegeuka.

Mimi nilikuwa sijaandika mahali pa kusikiliza. Nikaandika. Ulipojaribu tena, tausi akaondoka na vitenge vikajipanga. Ukasema, "Haya, sasa nimerudi," ukaendelea na viazi.

Laiti ningeishia hapo. Mama Rukia akalalamika kwamba watu wanatazama haraka na kuondoka. Mimi, mtu ambaye hawezi kumwambia mteja "karibu" bila kumeza mate, nikapata wazo la kijanja. Kila mtu akibonyeza kurudi ili atoke, ukurasa unasikia kengele na palepale unaongeza hatua nyingine mbele yake. Akibonyeza tena, unaongeza tena. Anarudi, anarudi, na bado yupo dukani. Nilijiona fundi mkubwa. Sikumwonyesha mtu, hata wewe. Hilo peke yake lilitosha kunishtua, kwamba nimefanya kitu na sitaki wewe ukijaribu.

Akaja mama mmoja kutoka Sirari, amepanda gari mpaka Tarime mjini, simu ameishika mbele kama nyoka.

"Ni kijana gani ametengeneza hii kitu? Hii simu yangu imekataa kutoka kwa duka yenu! Nimerudi, nimerudi, mpaka kidole imechoka. Nimezima, nikiwasha iko hapo tu. Nifungulie niende nyumbani!"

Watu dukani wakacheka. Mama Rukia naye akacheka mpaka mtandio ukadondoka. Akamtolea mgeni soda, akamkalisha, nami nikamfungia ule ukurasa kwa njia nyingine. Mgeni alipoondoka, kicheko kikaisha.

"Wewe mtoto, mimi mtu akitoka dukani kwangu mikono mitupu namwambiaje?"

"Unamwambia karibu tena."

"Wewe umemwambia nini?"

Nikaanza kukunja kitenge kilichokuwa kimeshakunjwa.

"Umemwambia huendi. Sasa nani atakuja tena mahali alipoambiwa huendi?"

Nilifuta ile mistari siku hiyo hiyo. Nasikia vivinjari vipya vimeanza kuushtukia ujanja huo na kuziruka hatua za uongo. Ina maana hatukuwa wachache. Dunia nzima kuna watu waoga wanaofungia wengine ndani badala ya kuwaambia "naomba ubaki".

Ninakuambia hili kwa sababu ilipokuja habari ya safari yako, wazo langu la kwanza lilikuwa la aina ile ile. Nilitaka kukuambia huko Robanda tembo wanaingia kwenye mahindi na watu wanalala wakipiga madebe. Ni kweli wanaingia, mjomba wako amesema. Ila nilitaka kulisema ili uogope ubaki. Nilifungua mdomo, nikakuona unavyokunja nguo zako, nikafunga. Hiyo ni mara moja ambayo kunyamaza kwangu kulikuwa na faida.

Sasa zile hofu zimegeuka kuwa udadisi, na huo nakupa uende nao, kwa sababu mwenyewe siwezi kuja. Niambie tembo akiwa shambani anasikika vipi. Je, unasikia miguu, au unasikia mabua? Mama yako ni Mwikoma. Wanasema Kiikoma na Kikurya vinasikilizana kidogo. Ni kidogo kiasi gani? Ukisema kitu kwa lugha yetu, bibi wa kule anacheka wapi? Na huko kambini, wanaopika chakula cha wageni, wao wenyewe wanakula nini?

Si lazima unijibu yote. Kuna jambo jingine nililoligundua nilipokuwa nasoma habari za ile orodha ya kivinjari, nalo lilinishangaza zaidi ya mengine. Ukurasa unaruhusiwa kusema: mrudishe mtu huyu hatua moja, au mpeleke mbele hatua mbili. Unaruhusiwa hata kuuliza orodha ina hatua ngapi. Lakini hauruhusiwi kuzisoma. Kama kabla ya kuja kwetu ulikuwa mahali pengine, mimi mwenye ukurasa sitajua ni wapi. Najua tu kwamba umetembea. Huwa najiuliza nani aliyekaa akaamua hivyo, na alikuwa mtu wa namna gani. Nadhani alikuwa na mtoto wa kike.

Unapoongea na mama yako kwenye simu huwa unatoka nje, mpaka kule kwenye migomba. Siku moja nilikuuliza, "Amekuambia nini?" Ukasema, "Mengi." Nilikasirika siku nzima. Mimi ndiye baba, nilitaka orodha, nikapewa idadi. Leo nasema ni sawa. Ukinipa idadi inatosha.

Kuna la mwisho kwenye mambo haya, nalo si tamu, ila nisipolisema nitakuwa nimekudanganya. Mtu akirudi nyuma, njia yake ya mbele bado ipo. Akitaka anaweza kuifuata tena. Lakini akisharudi, halafu akabofya kitu kipya, ile njia ya mbele aliyokuwa nayo inafutika. Nimejaribu mara nyingi kuona kama kuna namna. Hakuna. Kwa hiyo ukirudi Nkende ukaanza maisha mengine hapa, shule ya kule, marafiki wa kule, chumba cha mama yako, havitakusubiri vyote vikiwa vimesimama. Usirudi kwa sababu ya siku moja mbaya. Lakini wala usibaki kwa sababu ya kuona aibu kubonyeza.

Na baba yako. Iko amri nyingine, replaceState, ambayo haiongezi hatua. Inachukua ile uliyosimama juu yake na kuweka nyingine mahali pake, ya kwanza isionekane tena. Kwa miaka mingi nilidhani ndicho wazee walichonifanyia. Kwamba kila unaponiita Tata, kaka yangu anafutwa kidogo. Ndiyo maana nilikuwa naitikia kwa uvivu, sikuwa najivuna. Nilikuwa naogopa kumfuta. Siku hizi naona mimi niliongezwa tu. Yeye yupo chini yangu kwenye orodha, na ukirudi nyuma vya kutosha utamkuta. Alikuwa anaimba vibaya sana akikuogesha. Hilo nalikumbuka, nami sijawahi kukuambia.

Nimeishia hapa, nikaweka kalamu chini, nikatoka.

Nimerudi sasa. Nilikwenda kwa babu yako. Alikuwa amekaa nje anavuta tumbaku yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekuja kuchukua taa?"

"Hapana."

"Basi mama yako amekutuma."

"Hapana. Bhoke akitaka kurudi, arudi."

Akatoa kiko mdomoni. "Nani amesema?"

"Mimi."

"Wewe nani?"

Hapo ndipo sauti ilipotaka kukatika, Bhoke. Nikasema, "Baba yake."

Hakucheka. Nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko. Akanitazama mpaka nikatamani lile fundo la kamba. Halafu akasema, "Unadhani mimi simtaki? Mama yake aliondoka hapa mchana kweupe, nikasema atarudi. Nikaacha nyumba yake bila kuiezua misimu miwili ya mvua, ndipo nikaibomoa. Mimi sikusema yale kwa ukali. Nimechoka kusubiri watu."

Sikujua hilo. Nimeishi naye siku zote, nikidhani ile nyumba ilianguka kwa uzee.

"Mimi nitasubiri," nikamwambia. "Wewe pumzika."

Ndani nikamsikia bibi yako akisema, "Kumbe ana mdomo."

Babu akarudisha kiko chake. "Maneno mazuri. Lakini kuniambia mimi gizani ni sawa na kumwambia mbuzi. Ulinyamaza mbele ya mjomba wake, utasema mbele ya mjomba wake. Kesho, kabla gari halijaondoka, kwa sauti. Ukisema, mimi sipingi. Mlango utakuwa wake."

"Na nikishindwa?"

"Utakuwa umenyamaza mara mbili."

Kwa hiyo hata barua hii haihesabiki, nimekuandikia kurasa zote hizi na hakuna mzee atakayezikubali. Lakini nakuletea sasa hivi, nitaipitisha chini ya mlango kabla hujalala, ili kesho ujue kinachokuja na usije ukapanda gari mapema kwa hasira. Nitasimama karibu na mlango wa gari. Kutakuwa na watu, makondakta wataanza kupiga kelele, na wewe unajua ninavyokuwa. Nitaanza kwa kumsalimia mjomba wako, nitakohoa, pengine nitaangalia viatu vyangu. Bibi atataka kunimalizia maneno, mzuie. Na wewe usinisaidie, hata ukiona nimekwama.

Nisubiri nimalize.

Tata wako,
Marwa